Kiti cha Mwalimu Zablon Bado Kitupu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu wetu Madam Damaris, walimu wangu wote, wageni mliotoka Nairobi na kamera zenu, wazazi mliofika kutoka Kehancha, Kendu Bay na hapa Suna, wanafunzi wenzangu, na mwisho, ingawa ratiba niliyopewa haikuwataja popote, wapishi wa shule hii mlio kule jikoni na mnaonisikia kupitia kipaza sauti: hamjambo.

Mimi ni Robi Nchagwa wa Kidato cha Tatu. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu, na mimi ningependa iendelee hivyo, kwa sababu mimi ni mtu wa daftari na si mtu wa jukwaa. Nimepewa dakika kumi za kumsifu Mwalimu Zablon, ambaye leo anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha kemia na kusimamia mabweni. Hotuba ya kumsifu niliiandika, ikasahihishwa mara mbili, ikapitishwa ofisini. Iko hapa mfukoni. Sitaisoma. Madam Damaris, naomba unisamehe, na kama kuna adhabu nitaipokea Jumatatu asubuhi bila kulalamika.

Siwezi kuisoma kwa sababu mnakiona kile kiti. Kimefungwa utepe wa kijani na mweupe, kimewekewa mto, na hakuna mtu. Mfawidhi wetu ametuambia mara mbili kwamba Mwalimu yuko njiani. Hayuko njiani. Mwalimu Zablon alifika saa mbili asubuhi, kabla ya hema hili kusimamishwa, na yuko jikoni. Kutoka hapa niliposimama namwona mlangoni kwa Mama Eucabeth, mpishi wetu, amevaa suti yake ya kijivu na amekunja mikono. Alisema hatakaa kwenye kiti hicho mpaka jambo moja lisemwe mbele ya watu, na mtu wa kulisema ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeliharibu.

Basi naomba mnivumilie. Nitaanza mbali kidogo.

Muhula wa kwanza mwaka huu alitutembelea Bwana Cephas kutoka mjini Homa Bay. Bwana Cephas, najua uko safu ya pili, shikamoo. Alikuja na taa yake ya duara na shati ambalo sijui alilipitishaje barabarani bila mkunjo hata mmoja, akatufundisha alasiri nzima jinsi ya kujenga chapa binafsi mtandaoni. Alituambia kwamba siku hizi mtu asiye na chapa ni kama duka lisilo na mlango. Alitutaka kila mmoja achague maneno matatu ya kujieleza, ambayo yatamfuata maisha yake yote. Nilikaa na kalamu dakika ishirini nikaandika "napenda kusoma". Aliyatazama akasema hayo ni mawili, tena hayauzi.

Likizo fupi ilipofika nilimweleza baba yangu mambo ya chapa. Baba ni mfugaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kwetu Kehancha chapa hupigwa ng'ombe, ili akiibwa ajulikane ni wa nani. Akaniuliza, "Wewe nani anataka kukuiba?" Jibu la swali hilo nalitafuta mpaka leo.

Lakini shuleni huku kila mtu alikuwa amepata jibu lake. Ndugu zangu, nisiwafiche, nilichoka. Nilichoka na mwenzetu mmoja, simtaji, aliyejiita mkulima chipukizi akapigwa picha katikati ya nyanya za jirani, huku sisi tunaolima naye shamba la shule tunajua jinsi jembe linavyomtoroka. Nilichoka na mwingine aliyekuja kuniazima kitabu, akapiga nacho picha akiwa ameinamisha kichwa kama anasoma, akanirudishia baada ya dakika mbili na kuniambia kilikuwa kizuri sana. Nilichoka na wavulana wa Kidato cha Pili waliokuwa wakifua upande wa mbele wa shati peke yake, kwa sababu kamera haizunguki nyuma. Je, sisi tulikuja shuleni kujifunza kuwa watu, au kujifunza kufanana na picha zetu?

Nasema hivi kwa uchungu, lakini siwezi kujifanya nilikuwa pembeni nikitazama. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mwezi wa tano, Madam Damaris alikuja na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la upendo. Mwalimu Zablon anastaafu, alisema, anarudi kwao Kendu Bay, na mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na moja hafai kusahaulika kama tangazo la mwaka jana. Mwalimu mwenyewe hana ukurasa popote. Simu yake ni ile kabambe ya vitufe, yenye mpira unaoishikilia betri isidondoke. Basi klabu ya mtandao imjengee chapa, iwe zawadi yake ya kuagwa. Mwenyekiti wa klabu ni Bravin wa Kidato cha Nne. Mwandishi nikateuliwa mimi, kwa sababu niliwahi kushinda insha ya wilaya. Mwalimu aliambiwa tu kwamba tutampiga picha za kumbukumbu, naye akakubali, akachana nywele.

Niwaeleze tulivyofanya kazi, maana wageni huenda wanadhani tunazurura na simu. Simu ya klabu hufungiwa ofisini na hutoka Ijumaa baada ya michezo, kwa saa mbili. Kwa hiyo juma zima mimi niliandika kwenye daftari la kurasa tisini na sita, Alhamisi Madam akaweka sahihi, na Ijumaa Bravin akachapa maneno na kuchagua picha.

Mwanzoni niliandika mambo niliyoyajua. Niliandika kwamba Mwalimu Zablon husahihisha kwa kalamu ya kijani, kwa sababu anasema nyekundu humfanya mwanafunzi aone jeraha badala ya kosa. Niliandika kwamba mwanafunzi akivunja chupa ya maabara, haulizi nani amevunja. Huuliza nani amekatwa. Niliandika kwamba alipokuwa bwenini usiku wa mvua alikuwa akikohoa kwa makusudi akipita, ili tujue ni yeye tusiogope. Nilidhani hayo yanatosha. Mambo hayo yalitazamwa na watu kumi na wanne, na kumi kati yao tulikuwa sisi wanaklabu.

Bravin alimpigia Bwana Cephas simu. Ushauri uliorudi ulikuwa kwamba tabia njema haisambai. Tutafute hadithi moja, uso mmoja, na machozi.

Bravin akanigeukia. "Robi, si ni wewe ulirudishwa shule kutoka kwa tumbaku? Hiyo sasa itabamba, watu wataisambaza."

Na mimi nikaiandika. Nitawasomea, kwa sababu watu elfu kumi na moja wameisoma na nyinyi mnastahili kuisikia kwa mdomo wangu. Niliandika hivi: "Nilikuwa nimefungiwa nyumbani Kehancha, nikifanyishwa kazi ya tumbaku. Mama yangu alikuwa amekata tamaa na masomo. Ndipo mwanamume mmoja akatembea kilomita nyingi juani, akaingia uani kwetu, akanishika mkono na kusema: mtoto huyu ni wa taifa. Huyo ni Mwalimu Zablon. Amerudisha wasichana arobaini na watatu." Chini yake Bravin akaweka picha ya Mwalimu akitazama mbali. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa akitazama kama mvua inakuja.

Mnajua yaliyofuata. Kwa majuma mawili ukurasa ule ulivimba kama maharagwe kwenye maji. Redio ikausoma. Watu wa Mombasa ambao hawajui Suna iko wapi wakaandika kwamba wamelia. Wageni wetu wa Nairobi wakatuandikia barua, na leo wamekuja na ngao iliyochongwa jina la Mwalimu na hesabu ya arobaini na tatu. Wageni wetu, nawaheshimu kwa safari ndefu. Nawaomba ngao ibaki mezani kwanza.

Sasa nisikilizeni, maana hii ndiyo sehemu niliyoogopa kuisema tangu jana.

Mwalimu Zablon hajawahi kufika kwetu Kehancha. Hajui hata mlango wetu unatazama wapi.

Aliyekuja ni Mama Eucabeth, mpishi mkuu wa shule hii.

Kila mwanafunzi wa bweni hapa ana sahani yenye jina lake, na sahani hukaa kwenye kichanja kando ya dirisha la jikoni. Ukila unaosha, unairudisha ikiwa na maji. Mama Eucabeth hajawahi kushika rejista maishani mwake. Yeye hutazama sahani. Sahani iliyokaa milo mitatu bila kuloweshwa huigeuza kifudifudi na kuisogeza mwisho wa kichanja, na Ijumaa humwambia Mwalimu Zablon, "Sahani mbili zimekauka." Mwalimu hutafuta majina kwenye kitabu cha mabweni, huwauliza wanafunzi wa huko, huandika njia ya kufika nyumbani kwa mwanafunzi kwenye kipande cha karatasi, mto uko wapi, kanisa liko wapi, bodaboda waulizwe nini, na humpa. Jumamosi, siku yake ya kupumzika, Mama Eucabeth huenda.

Nilipokuwa Kidato cha Pili baba yangu alilazwa hospitalini wakati tumbaku imeiva. Tumbaku haimsubiri mgonjwa. Ikiiva inachumwa, na ikichumwa inafungwa kwenye vijiti siku hiyo hiyo, la sivyo inaoza. Mama yangu alikuwa na mikono miwili, akaniomba yangu, nami nikaandika shuleni kwamba nina malaria, na jikoni wakaisubiri sahani yangu majuma mawili. Juma la tatu, Jumamosi, mama mmoja aliyefunga leso kiunoni aliingia uani kwetu. Nilimfahamu nikataka kujificha nyuma ya banda. Hakunitazama hata. Alimwambia mama yangu kwamba amepita kusalimia, akauliza kama kuna kazi, akavuta kigoda na kuanza kufunga majani.

Alifunga tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi. Hakutaja shule. Walizungumza bei ya chumvi, mafua ya kuku, na shemeji wa mtu fulani aliyeoa mara ya tatu. Mama yangu Kiswahili chake ni cha sokoni, na Mama Eucabeth Kikuria hajui, lakini walicheka mpaka nikaona wivu. Kijiti cha mwisho kilipokwisha, ndipo akasema, "Mama Robi, sahani ya mtoto wako imekauka. Mimi nikiiona hivyo, chakula hakinitoki vizuri."

Mama akamwuliza, "Yaani umetoka Suna mpaka huku kwa sababu ya sahani?"

"Kwani ulitaka nije kwa sababu ya nini?"

Mama yangu alicheka tena, safari hii akiwa analia pia. Akaniambia nikaoge nifungashe. Kisha akachukua ndimu na majivu akaanza kumsugua mgeni wake vidole, kwa sababu utomvu wa tumbaku hunata na haujali sabuni. Haukutoka. Juma zima lililofuata Mama Eucabeth alitupakulia maharagwe kwa vidole vyeusi, na mwalimu mmoja wa zamu akamkemea mbele yetu kwa uchafu. Nilikuwa kwenye foleni. Nilijua ule weusi umetoka wapi. Sikusema neno.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza. Mara ya pili ilikuwa mbele ya daftari langu. Nilimwambia Bravin kwamba aliyekuja si Mwalimu, ni Mama Eucabeth. Bravin akaniambia, "Mpishi habambi, Robi. Leso yake iko na masizi. Mwalimu ako na sura ya kutrendi." Nikabishana naye. Nimejaribu kukumbuka nilibishana kwa muda gani, na kwa haki haikufika dakika moja. Nilijiambia kwamba Mwalimu naye alihusika, aliandika ile karatasi ya njia. Kwamba nabadilisha jina moja tu. Kwamba sentensi inasimama vizuri zaidi ikiwa na mwanamume anayetembea juani. Na hiyo hesabu ya arobaini na tatu? Hakuna aliyeihesabu. Bravin alisema arobaini inasikika kama uongo, ila arobaini na tatu inasikika kama utafiti.

Mwalimu alijuaje? Kwa njia ya soko. Mama mmoja muuza ndizi hapa Suna alimshika mkono, akamshukuru kwa wasichana. Mwalimu akadhani amefananishwa. Kwenye kinu cha unga mzee mmoja akamwachia nafasi ya mbele kwenye foleni. Mara ya tatu ni binti yake mwenyewe aliyempigia simu kutoka Kendu Bay, akamlaumu kwa nini hakuwahi kuwaambia nyumbani. Ndipo akamwita Bravin, na Bravin, kwa fahari, akamwonyesha. Mwalimu aliisoma yote polepole, kama anavyosoma ripoti ya maabara, kisha akaniita.

Nilidhani atanigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi kando yangu, akasema, "Robi, umenivisha koti la mtu. Na mwenye koti nakutana naye kila asubuhi, na kuna baridi."

Nikamjibu kwamba watu wameipenda. Ndiyo, nilisema hivyo.

Akaniambia kwamba kwao Kendu Bay mtu akitaka kujisifu hakatazwi. Kuna desturi inayoitwa pakruok. Ngoma inapochezwa, mtu huinuka, humsimamisha mwanamuziki, na hujisifu yeye au rafiki yake kwa maneno makubwa kadiri ya kifua chake. "Lakini anasema akiwa wapi?" akaniuliza. "Shemeji yake yupo. Jirani yake yupo. Aliyemwona akikimbizwa na mbwa yupo. Akizidisha chumvi wanamcheka papo hapo na anakaa chini. Sasa hao watu wako elfu kumi na moja, nani kati yao aliwahi kuniona nikikimbizwa na mbwa?"

Akainuka akasema kwamba yeye kwenye kiti cha kuagwa hatakaa mpaka koti livuliwe, na livuliwe mbele ya watu wanaomjua, na aliyelivisha. Bravin alishauri tufute ile habari kimya kimya Ijumaa. Nilimwambia, na ni mara yangu ya kwanza kumpinga mtu zaidi ya dakika moja, kwamba kufuta si kusahihisha.

Kisha nilikwenda jikoni kuomba msamaha. Mama Eucabeth alikuwa akichambua maharagwe. Alikwisha kusomewa ile habari na mjukuu wake, na hakuwa na hasira ya jina lake, ambalo halikuwemo. Aliniambia hivi, na ndiyo maneno yaliyonileta hapa kuliko yote mengine: "Uliandika vizuri, mwanangu. Lakini mama yako ulimfanyia nini? Yule mama alicheka na mimi siku nzima. Mbona ulimwandika kama mtu anayefungia watoto?"

Mama. Uko kule nyuma, chini ya kamba ya pili ya hema, umevaa kitambaa cha zambarau. Watu elfu kumi na moja wanakujua kama mwanamke aliyekata tamaa na masomo ya binti yake. Hukujua, kwa sababu huna simu ya kusomea, na sisi tulitegemea hilo. Wewe hukukata tamaa. Uliniomba mikono kwa majuma matatu, mume wako akiwa kitandani, na ulipoletewa habari ya sahani uliniachilia siku hiyo hiyo, kukiwa na nusu shamba bado halijachumwa. Sijui ulilimaliza vipi. Sikuwahi kukuuliza. Naomba unisamehe, na naomba nisamehewe kwa Kiswahili hiki hapa mbele ya watu, kisha nyumbani nitaomba tena kwa lugha yetu.

Bwana Cephas, sina ugomvi nawe. Ulikuja kutufundisha kuonekana, na ulifundisha vizuri, pengine kupita kiasi. Lakini swali hili nitakuachia uondoke nalo: kama chapa inahitaji kwanza tumfute mpishi, kisha tumchafue mama, kisha tumbandike mwalimu uso ambao anauonea haya sokoni, je, hapo ni nani aliyejengwa? Mwalimu hakujengwa, alikosa usingizi. Mimi sikujengwa, nililikwepa dirisha la jikoni juma zima nikala mikate. Labda ule ukurasa ndio uliojengwa.

Madam Damaris, ulitaka Mwalimu asisahaulike. Hatasahaulika. Lakini mimi ningeomba akumbukwe kwa kalamu ya kijani, na kwa zile karatasi za njia, ambazo zilikuwa kazi yake halisi na alizifanya bila kumwambia mtu. Mama Eucabeth amezitunza zote ndani ya debe la chumvi. Nimeziona. Kwenye ile ya kwetu Mwalimu ameandika: "Ukifika kwenye mti uliopigwa radi, uliza nyumba ya watu wenye ng'ombe mweupe. Usikae sana, mvua huanza saa kumi." Hiyo ndiyo sentensi bora kuliko yote niliyoandika mwaka huu.

Sasa nimebakiza jambo moja. Mimi ni Mkuria, desturi ya pakruok si yetu, lakini nimeomba ruhusa kwa Mwalimu mwenyewe naye amenipa. Naisimamisha shughuli hii. Namsifu Eucabeth, mama wa sahani, mwenye vidole vyeusi, aliyetembea Jumamosi zake na kurudi kupika Jumapili. Eucabeth asiyebishana na mtu ila hukaa akafunga tumbaku yako mpaka uone aibu ya kukataa. Na kwa kuwa sifa husemwa mbele ya wanaojua, kama nimezidisha chumvi nichekeni sasa hivi nikae.

Hakuna anayecheka.

Basi naomba, kila mtu aliye hapa ambaye aliwahi kufuatwa nyumbani na Mama Eucabeth kwa sababu ya sahani, asimame. Msiogope, hata mimi naogopa.

Mmoja. Wawili pale kwa Kidato cha Nne. Watatu, wanne. Rispa, sikujua wewe pia. Watano. Mimi wa sita.

Na Mwalimu Edinah. Mwalimu wetu wa hisabati amesimama.

Mwalimu Edinah, mimi sikujua kabisa. Nadhani hakuna mwanafunzi aliyejua. Asante.

Saba. Wengine wamemaliza shule na hatuna njia ya kuwasimamisha leo. Si arobaini na watatu, wageni wetu. Ni saba wanaoonekana kwa macho, na mnaweza kuwahesabu wenyewe.

Sasa Mwalimu Zablon, koti nimelivua. Umesikia. Kiti chako hicho, na ningependa Bravin alete cha pili, kikae kando ya hicho, kwa ajili ya Mama Eucabeth.

Naona wanazungumza mlangoni. Mama Eucabeth anatikisa kichwa. Anaonyesha sufuria. Naelewa, wageni ni wengi, na ugali wa watu mia sita hauwezi kuachwa katikati, mtu akiuacha unashikana. Alinionya jana kwamba hata nikisema nini hatatoka jikoni kabla chakula hakijaiva. Mwalimu naye anasema kitu. Anavua koti la suti. Analitundika kwenye msumari wa mlango. Anakunja mikono ya shati.

Mheshimiwa, ndugu wageni, naomba mgeuke mtazame. Mwalimu Zablon ameshika mwiko.

Na Mama Eucabeth anakuja, anafuta mikono kwenye leso. Bravin, kile kiti cha pili usilete. Mpishe apite.

Mama Eucabeth, hapo. Ndiyo, hicho chenye utepe. Kaa, tafadhali. Mto si wa kutoa, ni wako.

Sikupanga hivi, na sina maneno mengine kwenye karatasi. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu, zaidi ya dakika kumi nilizopewa. Ila naomba wavulana wawili wenye mikono ya nguvu wakimbie jikoni upesi. Mwalimu wetu ni bingwa wa kemia, lakini naona kutoka hapa kwamba ugali unamshinda.